Meza mbili: tuulize nini tunaposikia kwamba marais watakutana

(Haya ni mazungumzo yaliyotolewa na afisa wetu mmoja wa uwanjani mbele ya familia za wakimbizi wa ndani, machifu na kamati za kambi, katika kikao cha Butembo, Kivu ya Kaskazini. Tunayachapa hapa kwa sababu wengi waliohudhuria waliomba wayapate kwa maandishi ili wayasome pamoja na wenzao.)

 

Nimeombwa niseme juu ya swali moja ambalo mnatuuliza karibu kila mwezi. Redio inatangaza kwamba marais wa nchi jirani watakutana. Jioni ile ile mtu anakuja kutuuliza: "Je, tufunge mizigo?" Mwingine anasema: "Tumesikia maneno hayo tangu 1999, ni uongo mtupu." Leo nataka kuwaambia kwamba wote wawili wanakosea kidogo. Mikutano hiyo si uongo. Lakini mkutano wa marais peke yake haujawahi kumrudisha mtu shambani kwake na akabaki huko.

Nitaanza na kosa langu mwenyewe, ili msifikiri nimekuja kuwafundisha kama mtu asiyekosea.

Mwezi wa kumi na mbili mwaka 2024 nilikuwa nafanya kazi katika kambi moja kando ya Goma. Ilikuwa Ijumaa. Redio zote zilisema kwamba Jumapili, tarehe 15, Rais Félix Tshisekedi na Rais Paul Kagame watakutana Luanda, mbele ya Rais João Lourenço wa Angola. Mama mmoja wa Masisi, mwenye watoto watano, aliniuliza: "Mwanangu, wewe umesoma. Nijitayarishe kurudi, ao ningoje?" Nilimjibu kwa furaha: "Mama, safari hii ni kweli. Jitayarishe." Sikumdanganya, niliamini hivyo. Wiki chache kabla, tarehe 25 Novemba, mawaziri wa mambo ya nje walikuwa wamekubaliana juu ya mpango wa namna ya kuwamaliza nguvu FDLR na namna Rwanda itakavyoondoa kile inachokiita hatua zake za kujilinda. Tayari kulikuwa na kundi la maafisa wa kuhakikisha, lililozinduliwa Goma mwezi huo huo. Mimi niliona kila kitu kiko tayari.

Mama yule alikwenda kwenye likelemba akakopa feza za usafiri. Kibanda chake akampa familia nyingine iliyokuwa inalala nje, pamoja na shitingi. Jumapili ikafika. Rais Tshisekedi alikuwa amekwisha kufika Luanda. Rais Kagame hakusafiri. Mkutano ukavunjika kabla haujaanza. Mama yule alirudi kwangu Jumatatu. Hakunitukana. Aliniuliza tu: "Sasa nilale wapi?" Alilala jikoni kwa jirani, na lile deni alililipa kwa kufulia watu nguo. Mwezi uliofuata, tarehe 27 Januari 2025, M23 waliingia Goma, na kambi ile haikudumu.

Tangu siku hiyo nilijiuliza: nilikosea wapi? Nilikuwa nimesoma habari zote. Lakini sikuwa nimeuliza swali moja: nani hayuko kwenye meza hii? Ndilo swali ninalotaka mwende nalo leo.

MKUTANO UNAANDALIWA NAMNA GANI

Kwanza, tuelewe kazi yenyewe. Kijijini, familia mbili zikigombana juu ya mpaka wa shamba, wazee hawaziiti siku ya kwanza mbele ya watu wote. Mzee mmoja anakwenda kwa hawa usiku, anasikiliza. Kesho yake anakwenda kwa wale. Anauliza: utakubali nini, hutakubali nini hata kwa kufa? Akiona maneno yamekaribiana, ndipo anaweka siku ya baraza. Baraza lenyewe ni mwisho wa kazi. Mzee akiita baraza kabla ya kazi hiyo, watu watapigana mbele yake.

Mkutano wa marais ni vile vile. Kwanza kuna mpatanishi, ambaye ni rais wa nchi nyingine au mzee aliyekuwa rais. Tumewaona wengi: Frederick Chiluba wa Zambia, Ketumile Masire wa Botswana, Thabo Mbeki wa Afrika ya Kusini, Olusegun Obasanjo wa Nigeria, Benjamin Mkapa wa Tanzania, Uhuru Kenyatta wa Kenya, João Lourenço wa Angola. Mwaka 2025 Umoja wa Afrika ulimpa kazi hiyo Faure Gnassingbé wa Togo. Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Wagombanao wakikosa kuaminiana, wanaweza kumwamini mtu wa tatu. Ndiyo maana mikutano yetu inafanyika Lusaka, Pretoria, Nairobi, Luanda, Dar es Salaam, na siku hizi hata Doha na Washington. Hakuna mgomvi anayependa kupatanishwa ndani ya nyumba ya mgomvi mwenzake.

Baada ya mpatanishi wanakuja wakubwa wa usalama na wa jeshi. Hao wanazungumza juu ya silaha, ramani na tarehe. Kisha mawaziri wanaandika karatasi. Kila neno la karatasi linapimwa. Mwishoni kabisa ndipo marais wanakuja kupeana mikono na kutia sahihi. Kwa hiyo mkutano unaweza kukaa miezi mingi ukiandaliwa na kuvunjika usiku mmoja kwa ajili ya mstari mmoja.

Luanda mwaka 2024 ilikuwa hivyo. Mstari uliovunja mkutano ulihusu M23. Kigali ilitaka Kinshasa ikubali kuzungumza na M23 uso kwa uso. Kinshasa ilikataa, ikisema tatizo liko kati ya nchi mbili, na kwamba makundi yenye silaha yana njia yao nyingine, ile ya Nairobi. Mnajua kila upande unavyosema. Kinshasa inasema Rwanda imeingia katika ardhi yetu pamoja na M23. Kigali inakana kwamba inaisaidia M23, na inasema inajilinda dhidi ya FDLR. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameandika katika ripoti zao kwamba jeshi la Rwanda linaisaidia M23, na tarehe 21 Februari 2025 Baraza la Usalama, katika azimio namba 2773, liliitaka Rwanda iache msaada huo na iondoe askari wake. Azimio hilo hilo liliitaka Kongo pia iache kulisaidia kundi la FDLR. Sikuja hapa kuhukumu, na kazi yangu hainiruhusu. Nataka muone tu kwamba karatasi ya nchi mbili ilikuwa karibu tayari, lakini watu wenye bunduki katika vijiji vyetu hawakuwa sehemu yake.

MEZA MBILI

Vita vyetu vina mafundo mawili. Fundo la kwanza ni kati ya nchi na nchi. Fundo la pili ni kati ya serikali yetu na makundi ya Wakongomani wenye silaha, pamoja na ugomvi wa raia juu ya ardhi, uchifu na uraia. Kwa hiyo kunatakiwa meza mbili: meza ya majirani na meza ya nyumbani. Tukitazama nyuma tutaona kwamba mara nyingi imetandikwa moja na nyingine ikaachwa.

Tuanze mwaka 1999. Mimi nilikuwa mtoto wa shule ya msingi. Tarehe 10 Julai, huko Lusaka, nchi sita zilitia sahihi makubaliano ya kusimamisha mapigano: Kongo, Rwanda, Uganda, Angola, Zimbabwe na Namibia. Waasi hawakutia sahihi siku hiyo. MLC walitia tarehe 1 Agosti. RCD walikuwa wamegawanyika na kugombania nani kati yao ni mkubwa, na hawakutia hadi tarehe 31 Agosti, baada ya kukubaliana kwamba waanzilishi wao wote, karibu watu 50, waandike majina yao. Katikati ya mwezi huo huo wa Agosti, majeshi ya Rwanda na Uganda, nchi mbili zilizokuwa rafiki, yalipigana wao kwa wao ndani ya mji wa Kisangani. Fikirini mtu aliyesikia tarehe 10 Julai kwamba amani imetiwa sahihi, akafunga mzigo kurudi Kisangani.

Mwaka 2002 ulikuwa tofauti, na nataka tuutazame vizuri, kwa sababu ndio mwaka ambao meza zote mbili zilitandikwa. Tarehe 30 Julai, huko Pretoria, Rais Joseph Kabila na Rais Kagame walitia sahihi mkataba. Kongo ilichukua kazi ya kuwakamata na kuwanyang'anya silaha Interahamwe na askari wa zamani wa Rwanda, na Rwanda ilichukua kazi ya kuondoa jeshi lake. Mkataba huo ulikuwa na tarehe: siku 90. Ulikuwa na mtu wa tatu wa kuhakikisha, yaani Afrika ya Kusini na Umoja wa Mataifa. Mwezi wa kumi Rwanda ilitangaza kwamba imewatoa askari wake, zaidi ya 20,000. Tarehe 6 Septemba Kongo na Uganda nazo zilitia sahihi yao huko Luanda. Hiyo ilikuwa meza ya majirani.

Meza ya nyumbani ilikuwa imeanza mapema mwaka huo huko Sun City, Afrika ya Kusini. Serikali, waasi, vyama vya siasa na mashirika ya raia walikaa pamoja, wakagombana, wakaondoka, wakarudi. Tarehe 17 Desemba 2002, huko Pretoria, walitia sahihi mkataba wa wote. Mwaka 2003 tukapata serikali ya mpito, na mwaka 2006 uchaguzi. Wazee mliopo hapa mnakumbuka: nchi iliyokuwa imekatwa vipande iliunganishwa tena. Mtu aliweza kutoka Goma hadi Kinshasa bila kubadili serikali njiani.

Lakini sisi wa Kivu tunajua pia kwamba vita havikwisha kwetu. Jeshi moja lilikuwa moja kwenye karatasi tu. Mwezi wa sita mwaka 2004 Bukavu ilitekwa kwa siku chache. Mambo ya ardhi na ya warudi nyumbani hayakuwa na meza yoyote. Nitayarudia mwishoni.

Sasa mwaka 2008. Wakati huo nilikuwa nasoma sekondari. Mwezi wa kwanza kulikuwa na mkutano mkubwa Goma, chini ya Padri Apollinaire Malu Malu. Watu zaidi ya 1,000 walikuja: machifu, wamama, makabila yote, makundi yenye silaha. Tarehe 23 Januari wakatia sahihi ahadi ya kuacha vita, CNDP na PARECO na Mai-Mai. Ilikuwa meza ya nyumbani, na ilikuwa nzuri. Lakini fundo la majirani lilibaki limefungwa. Kabla mwaka haujaisha mapigano yalirudi, na mwisho wa Oktoba CNDP walifika mlangoni mwa Goma.

Ndipo ikatandikwa meza nyingine. Tarehe 7 Novemba 2008 marais wa nchi za Maziwa Makuu walikutana Nairobi pamoja na Ban Ki-moon, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa. Kabila alikuwepo, Kagame alikuwepo. Jirani yetu alinunua betri mpya za redio ili tusikose hata neno moja. Lakini Laurent Nkunda, aliyekuwa na askari kwenye milima, hakualikwa. Mapigano yakaendelea. Siku chache baadaye mzee Obasanjo ilibidi asafiri mwenyewe hadi Jomba, Rutshuru, kumtafuta mtu ambaye hakuwa Nairobi. Hapo ndipo mazungumzo ya nyumbani yalipoanza tena, yakafika kwenye mkataba wa tarehe 23 Machi 2009. Mwaka huo huo, mwezi wa nane, Kabila na Kagame walikutana mpakani kwetu, na mabalozi wakarudi.

Mkataba huo wa tarehe 23 Machi mnaujua kwa jina lingine. Mwaka 2012 askari waliosema kwamba haukutimizwa walijiita M23. Tarehe 20 Novemba 2012 waliingia Goma. Karatasi isiyotimizwa ilirudi kwetu ikiwa na bunduki.

Tusogee karibu. Kuanzia 2022 kulikuwa na njia mbili: Nairobi kwa makundi yenye silaha, Luanda kwa Kongo na Rwanda. Meza mbili zilikuwepo, lakini kila moja katika chumba chake, na M23, kundi kubwa kuliko yote, likabaki katikati ya milango. Mmesikia matokeo yake tarehe 15 Desemba 2024. Tarehe 8 Februari 2025, Goma ikiwa imeanguka, Jumuiya ya Afrika Mashariki na ile ya Kusini mwa Afrika zilifanya mkutano wa pamoja Dar es Salaam. Ziliunganisha njia hizo mbili na kuomba mapigano yasimame. Siku nane baadaye Bukavu ilikuwa mikononi mwa M23.

Tarehe 18 Machi 2025 ilikuwa siku ya ajabu. Huko Luanda walikuwa wanangojewa M23 na serikali, na M23 wakaacha kwenda baada ya Umoja wa Ulaya kuwawekea wakubwa wao vikwazo. Siku ile ile tukasikia kwamba Tshisekedi na Kagame wamekutana Doha, wakiitwa na Emir wa Qatar. Tangu hapo tena meza mbili: Washington kwa nchi mbili, Doha kwa serikali na M23. Tarehe 27 Juni mawaziri walitia sahihi Washington. Tarehe 19 Julai serikali na M23 walitia sahihi tamko la kanuni huko Doha. Tarehe 15 Novemba wakatia mkataba wa mfumo wenye sehemu nane, lakini nyingi kati ya hizo ziliachwa zijadiliwe baadaye. Tarehe 4 Desemba 2025 marais wawili wenyewe walitia sahihi Washington. Tarehe 10 Desemba, siku sita tu baadaye, M23 walitangaza kwamba wamechukua Uvira. Mwezi uliofuata wakauacha mji ule baada ya Marekani kuwasukuma.

Mnaona? Meza ya majirani ilikuwa na sahihi za marais. Meza ya nyumbani ilikuwa bado na kurasa tupu. Mtu wa Uvira aliyetazama picha ya Washington peke yake hakuweza kujua. Lakini aliyeuliza habari za Doha angejua kwamba wakati wa kulala bila viatu haujafika.

MASWALI MATATU

Kwa hiyo, mkisikia mkutano wowote umetangazwa, iwe mwezi ujao au miaka mitano ijayo, ulizeni maswali matatu.

Swali la kwanza: nani hayuko mezani? Kama ni marais peke yao, ulizeni kuhusu makundi. Kama ni makundi peke yao, ulizeni kuhusu majirani. Kama kuna meza mbili, ulizeni kama zinasomana, yaani kama karatasi ya huku inajua karatasi ya kule.

Swali la pili: kuna tarehe, na nani anahakikisha? Pretoria 2002 ilisema siku 90, na kulikuwa na watu wa kuhesabu askari. Neno "haraka iwezekanavyo" si tarehe. Na mtu wa kuhakikisha lazima aweze kufika. Kundi la kuhakikisha lisiloweza kupita kwenye barabara yenu haliwezi kuhakikisha lolote juu ya kijiji chenu.

Swali la tatu: kijijini kwetu kumebadilika nini? Nani yuko kwenye kizuizi cha barabara? Wanatoza nini? Nani analima shamba letu sasa? Swali hili hakuna rais wala redio anayeweza kuwajibia. Mnalijibu wenyewe.

TUFANYE NINI

Nimesema maneno mengi ya marais. Sasa nizungumze juu yetu.

Jambo la kwanza, familia zisirudi kwa habari ya redio. Naomba kamati za kambi zifanye kama wenzetu wengine walivyofanya: wachague watu wawili au watatu, watu wazima wanaoaminiwa, mwanamke awemo, waende kutazama na kurudi kusema walichoona. Wasipoweza kufika salama, hilo nalo ni jibu. Mtu asitoe kibanda chake wala kukopa feza za usafiri kabla watu hao hawajarudi. Najua maisha ya kambini ni mabaya. Najua msimu wa kupanda haungoji. Lakini kurudi mara mbili kunavunja familia kuliko kungoja mara moja. Na anayeamua kurudi, aamue mwenyewe kwa kujua. Asisukumwe na mtu, hata akiwa wa shirika letu.

Jambo la pili, sauti yetu iingie kabla ya mkutano. Mara nyingi tunaandika barua ya malalamiko baada ya sahihi. Wakati huo karatasi imekwisha kukauka. Wakati wa kusema ni ule mzee anapotembea usiku kati ya nyumba mbili, yaani wakati wajumbe wanazunguka. Kila kambi iandike ukurasa mmoja tu. Tumetoka vijiji gani. Barabara ipi imefungwa. Tunataka nini kiwe kimefanyika kabla ya kurudi. Msiandike majina ya watu wanaoweza kuletewa hatari. Karatasi hiyo ipitie kwa machifu, kwa makanisa na misikiti, kwa mashirika ya raia, na kwetu pia. Siahidi kwamba rais ataisoma. Lakini mwaka 2008 Goma na mwaka 2002 Sun City, watu wasio na bunduki walikaa kwenye kiti. Kiti hicho hakikutolewa bure, kiliombwa na watu waliokuwa tayari na maneno yao.

Jambo la tatu ni gumu zaidi, nalo ni la ninyi machifu na wazee. Nilisema nitarudia mambo yasiyokuwa na meza. Hata meza zote mbili zikifanikiwa, hakuna mkataba wa Doha wala wa Washington utakaosema shamba la fulani linaishia kwenye mti gani. Mtu akirudi akakuta mwenzake amelima pale, watamaliza wao, au wataitafuta bunduki iwamalizie. Kambini mmekaa pamoja watu wa lugha mbalimbali. Wote mmekimbia risasi zile zile. Kila mkutano ukivunjika, nasikia kambini maneno ya hatari: "Ni watu wa fulani, hata wale walio hapa kati yetu." Mtoto wa miaka kumi anayeitwa mgeni kwenye foleni ya maji hakuvunja mkutano wa Luanda. Mkiacha maneno hayo yaote hapa, mtarudi nayo nyumbani, na hata kama majirani watapatana, ninyi hamtapatana. Anzeni hapa hapa kambini kuongea juu ya mashamba yenu, watu wa kilima kimoja pamoja, taratibu, mkiandika mliyokubaliana. Meza hiyo haihitaji ndege wala mpatanishi wa ng'ambo, inatosha mkeka.

Jambo la nne ni letu sisi wa mashirika. Tusiwe watu wa kuleta habari njema kabla hazijaiva. Tukisema "tunatumaini", tuseme pia tunachokiogopa. Nawaomba, mkituona tunatangaza amani, mtuulize yale maswali matatu mbele ya watu wote. Tukishindwa kuyajibu, mjue hatujui.

Mtu mmoja mbele hapa ananitazama kana kwamba ananiuliza: basi mikutano hiyo ina faida gani? Baba, ina faida. Mwaka 2002 majeshi yaliondoka kwa sababu ya mkutano. Siku majirani wakiacha kukutana kabisa tutakuwa na hatari kubwa zaidi, kwa sababu anayeongea na jirani yake anaweza kumpiga, lakini asiyeongea naye atampiga tu. Mimi nikisikia wajumbe wanapanda ndege, ninashukuru. Kitu nilichoacha ni kumwambia mama afunge mzigo kwa sababu ndege imeruka.

Yule mama wa Masisi sijamwona tangu mwezi wa kwanza mwaka 2025, siku tulipotawanyika. Kama yupo mahali anasikia maneno haya, namwambia: mama, nisamehe, sikukuuliza unachohitaji kujua, nilikupa furaha yangu. Na kama mmoja wenu ataniuliza leo kama mwezi huu arudi, sitamjibu "ndiyo" wala "hapana". Nitamwambia tukae, tuulize meza ya kwanza, tuulize meza ya pili, halafu tutume watu wawili wakatazame barabara.